Marahaba, Bosi

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja mchana, ukumbini Tabata, mbele ya wanachama wenzangu wa kikoba na wageni wao. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Pale nilipojirudia nimekata, na pale mlipocheka nimeacha mcheke tena wenyewe.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na wale wa habari za mchana tu, habari za mchana.

Mwenyekiti, mweka hazina, wanachama wenzangu, na nyie wageni mlioitwa kula pilau mkajikuta mnasikiliza hotuba, poleni. Nimepewa nusu saa. Mweka hazina amesema nikizidisha atanitoza faini kama ya kuchelewesha hisa, na mnamjua hatanii.

Mada niliyopewa inaitwa "Fursa za ajira kwa wenye umri mkubwa". Nimeomba neno fursa lifutwe, kwa sababu mimi niliona moja tu, na niliipata msibani. Nitafika huko. Na hilo la umri mkubwa nalo tusidanganyane. Tulipoanza kikoba hiki wengi tulikuwa na nywele nyeusi za kuzaliwa nazo. Leo nyingine ni za piko. Najua, maana duka tunalonunulia ni lile lile.

Nilizaliwa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, hesabu mtapiga wenyewe. Kidato cha nne nilimaliza 1985, na 1989 nikaajiriwa karani wa stoo kwenye shirika la umma. Wenye umri wangu mnakumbuka yaliyofuata. Miaka ya tisini mashirika yakabinafsishwa, watu wakapewa barua kwa mafungu. Yangu nilipewa 1997, nikiwa na miaka 30 na mtoto mgongoni. Ile haikuniumiza sana. Nililia siku mbili, ya tatu nikawa Kariakoo nauza vitambaa vya shemeji yangu. Mwaka 1999 nikapata kiwanda Barabara ya Nyerere, ile ambayo sisi bado tunaiita Pugu Road, nikawa stoo kipa. Nimekaa pale miaka 24. Watu walisahau jina langu. Nilikuwa Mama Stoo, hata mkurugenzi aliniita hivyo.

Mwaka 2023 wakatuita ukumbini, na soda zilikuwa mezani tayari. Mwajiri akiwaitia soda siku isiyo sikukuu, mjue.

Siwasingizii, utaratibu waliufuata. Sheria inataka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aseme sababu, akae na wafanyakazi au chama chao wajadiliane. Tulikaa, tukajadiliana, tukapunguzwa. Hesabu ya kiinua mgongo ndiyo iliyonikalisha chini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mtu mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza kazini, lakini miaka inayohesabiwa mwisho wake ni 10. Saba mara kumi, sabini. Miaka 24 ya kuamka saa kumi na moja alfajiri, ukitoa notisi na likizo ambayo sikwenda, ikawa siku 70. Nikamuuliza kijana wa rasilimali watu, ile miaka 14 mingine mmeiweka stoo ipi, maana funguo ninazo mimi. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, sheria ndivyo ilivyo." Baadaye nikaelewa kwamba hicho ni kiwango cha chini. Mwajiri anaweza kutoa zaidi, na mkataba wa hali bora, ule ambao chama cha wafanyakazi kinasaini na mwajiri, unaweza kumlazimisha. Wetu haukumlazimisha, na mimi nilikuwa sijawahi kuusoma. Mlioko kazini bado, Jumatatu uombeni muusome. Na anayeona ameachishwa kwa kuonewa asikae kulia mwezi mzima. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo CMA, inataka malalamiko ya kuachishwa kazi yafike ndani ya siku 30. Lieni wiki mbili, zinatosha.

NSSF nako, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, nilipata somo. Dada wa dirishani alinichapia taarifa ya michango yangu, nikakaa kwenye benchi nikaanza kuikagua kama ninavyokagua leja. Miezi 11 haikuwepo. Kwenye slipu nimekatwa asilimia 10 yangu kila mwezi, lakini kule mfukoni haikufika, yangu wala ile ya mwajiri. Bahati ni kwamba stoo kipa hatupi karatasi. Slipu zangu zote zilikuwa kwenye boksi la viatu juu ya kabati, na ndizo zilizowafanya walipe, baada ya miezi mitano ya kwenda na kurudi. Mwenzangu aliyekuwa akifungia slipu zake vitafunwa bado anazunguka hadi leo. Angalieni michango yenu sasa hivi, wakati kampuni ipo na mhasibu ni yule yule mnayemjua. Nyie walimu na wauguzi mna PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na ugomvi wenu wa kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, siuingilii. Nilisikia kwamba mkupuo, zile pesa za mara moja ukistaafu, wa asilimia 33 ulioanza 2022 umepandishwa kufika 40 kwa wale waliokuwa wa 50 zamani, na mliokuwa wa 25 mmepewa 35. Hongereni. Sisi wa kiwandani tunatafuta miezi iliyopotea kwanza.

Sasa niwaambie nililowaficha.

Kwa miezi saba hamkujua kwamba sina kazi. Kila Jumamosi nilikuja hapa na hisa zangu, nikakaa kiti kile pale. Hata kijana wangu mkubwa hakujua. Niliondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu na mkoba wangu na kontena la chakula, nikapanda daladala ya Posta, nikaenda kukaa Kivukoni naangalia pantoni. Nilihesabu magari yanayoingia na yanayotoka. Pantoni ikija imejaa nahesabu, ikirudi nahesabu. Hakuna aliyenituma, mkono tu umezoea. Saa tisa nakula chakula changu, saa kumi na moja narudi kwenye foleni na wafanyakazi wenzangu, nimechoka kama wao. Siku moja kondakta akaniambia, "Mama wa kazini, sogea nyuma." Nilifurahi nusura nimlipe mara mbili.

Kwa nini nilificha? Nilijua nitakachoambiwa. Binti wa miaka 25 akikosa kazi anaambiwa atume maombi. Mama wa miaka 56 akikosa kazi anaambiwa mambo mawili, ajiajiri au apumzike. Na kweli, siri ilipotoka, kila mtu alikuwa na biashara yangu kichwani mwake. Nunua bajaji. Fungua genge. Fuga kuku. Nilifuga. Broila 200, uani kwangu. Wiki ya tatu ugonjwa wa Gumboro ukaingia, wiki ya nne nikawa na kuku 60 na majirani wanaolalamikia harufu. Sisemi kufuga ni kubaya, Mama Neema hapa anafuga na mayai yake tunakula. Nasema mimi ninachokijua ni stoo. Miaka zaidi ya 30 nimejua stoo, halafu siku moja asubuhi watu wote wananiambia ninachokijua ni kuku.

Hilo la pili, kupumzika, lilitoka kwa mwanangu. Alinikalisha sebuleni, akapunguza sauti ya televisheni. "Mama, umehangaika sana, sasa pumzika, sisi tupo." Alisema kwa mapenzi. Nami nikamtazama, mtoto mwenye kodi ya nyumba Kimara, wawili shule, na mshahara unaokwisha tarehe 15. Tupo, nani na nani? Halafu nikagundua kwamba hesabu ya pesa siyo iliyonikera. Lile neno ndilo lililonikera. Pumzika, kwa lugha yetu, ni neno tunaloandika pia juu ya makaburi.

Nikaanza kutafuta.

Nilikwenda steshenari moja pale Kariakoo nikachapiwe wasifu. Kijana akanichapia kurasa sita. Juu kabisa, kwa herufi nene, akaweka tarehe ya kuzaliwa. Shule ya msingi ikafuata. Mtu anayenisoma alilazimika kupita darasa la saba langu la 1981 ndipo afike kwenye kazi. Baadaye binti yangu aliupunguza ukawa kurasa mbili, kazi ya mwisho ikaja mwanzo, na kila mstari ukaanza na kitu nilichofanya: nilipunguza upotevu, nilipanga stoo upya, nilifundisha makarani watano. Shule ikaenda chini kabisa, na umri ukaishia kwenye kitambulisho cha NIDA kama wataka kuuona.

Marefarii, wale wa kukushuhudia kwenye wasifu, ndio walionitesa. Nilikuwa na watatu tangu zamani, watu wazito. Nikaanza kupiga simu. Wa kwanza amefariki 2016. Wa pili amefariki wakati wa korona. Wa tatu yuko Songea, amebadili namba, na mkewe alinieleza kwa upole kwamba siku hizi hakumbuki watu. Hili hakuna anayekwambia. Ukifika umri wetu, waliokuona ukifanya kazi vizuri wanaanza kuondoka, na wanaondoka na ushahidi. Ilinibidi niwatafute niliowafundisha mimi, watoto ambao sasa ni mameneja, niwaombe wao ndio wanidhamini. Mara ya kwanza nilishika simu robo saa kabla ya kupiga.

Serikalini sikupita. Binti yangu alinifungulia akaunti kwenye Ajira Portal, tukasoma masharti pamoja. Mwombaji awe raia mwenye umri usiozidi miaka 45. Tukaifunga laptop tukapika. Kwenye kampuni binafsi matangazo yanasema miaka 25 hadi 35, na yanaandika wazi kabisa, ingawa ile sheria ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa umri na inamhesabu hata mwombaji kazi. Mwanasheria mmoja akaniambia nina haki. Nikamuuliza, nimshitaki nani, yule ambaye hakunipigia? Walikuwa 31. Niliwaorodhesha kwenye daftari.

Mmoja alinipigia. Ofisi ya Mikocheni, inaagiza vifaa vya hospitali. Nilipaka piko nywele zikawa nyeusi kuliko za binti yangu, nikavaa suti ya harusi ya mdogo wangu, nikafika nusu saa kabla. Chumbani kulikuwa na watatu, mkubwa wao labda miaka 32. Nilipoingia wakasimama wote. "Shikamoo mama." "Marahaba, wanangu, hamjambo?" Mmoja akanivutia kiti. Mwingine akaniletea maji. Wakaniuliza maswali nikawajibu, nikawaeleza na hadithi mbili tatu za stoo, wakacheka, yule mkubwa akaniambia, "Mama, kwa kweli tumejifunza." Wakanisindikiza. Kijana alibeba mkoba wangu mpaka getini, akaniitia bodaboda, akamwambia dereva aendeshe polepole kwa sababu amembeba mama.

Nikarudi nyumbani nikijua nimepata. Nikamsimulia binti yangu mwanzo mwisho. Yeye ana miaka 27, anafanya kazi benki. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, "Mama, uliwaita wanangu?" Nikasema ndiyo, niwaiteje? Akasema, "Basi hawatapiga. Nani atamwandikia mama yake barua ya onyo?"

Hawakupiga.

Ndugu zangu, nimelifikiria swali lile kuliko mahubiri yote niliyosikia mwaka ule. Sisi tunalalamika kwamba vijana wanatudharau. Pale Mikocheni sikudharauliwa. Niliheshimiwa mpaka getini! Tatizo liko kwenye salamu yenyewe. Kiswahili chetu hakina njia ya kumsalimia mtu wa umri wangu bila kumpandisha juu. Kijana asiponiamkia, hana adabu, na mimi mwenyewe nitamsema. Akiniamkia, ameshajiweka chini yangu kabla hajafungua faili. Na usaili unataka yeye akae juu. Anatakiwa aniulize kwa nini nilichelewa, anitume bandarini juani, anikatalie likizo, anikaripie nikikosea. Anafikiria mama yake kule Moshi au Tanga, anaona aibu mapema, anaajiri mtoto wa miaka 26 ambaye anaweza kumwambia "wewe, njoo hapa". Tunaita hilo ubaguzi, na kwenye karatasi ni ubaguzi. Lakini moyoni mwa yule kijana ni malezi. Sisi ndio tuliomlea hivyo.

Mzigo wa kuifungua shikamoo ile, basi, ni wangu. Yeye hawezi, atakosa adabu. Mimi ninaweza.

Nikaanza mazoezi, msicheke, mbele ya kioo. Marahaba, halafu nini? Siwezi kumwambia asiniamkie, hilo ni kumkosesha radhi. Siwezi kumwita mwanangu. Nikimwita mheshimiwa nitaonekana namkejeli.

Hapo ndipo msiba ulipoingia. Tulikuwa Vingunguti, tumemzika mzee wa jirani yetu wa zamani, watu wamekaa chini ya turubai. Akaja mwanamume mmoja, nilimjua zamani akiwa kibarua wa kupakia pale kiwandani, sasa ana fuso mbili. "Mama Stoo! Upo wapi siku hizi?" Na mnalijua jibu letu. Nipo. Nipo tu. Nipo nipo. Neno hilo limewaficha watu wengi mjini hapa kuliko giza. Nimelitumia miezi saba. Mdomo ulikuwa umeshaanza kulitamka, nikasema, "Sina kazi. Natafuta kazi ya stoo." Nikasikia uso unawaka moto. Yeye hata hakushtuka. Akasema kuna tajiri mmoja Buguruni, wa vifaa vya ujenzi, stoo yake inavuja na hajui inavujia wapi.

Vijana wanaita koneksheni, na sisi tunaisema vibaya kana kwamba ni wizi. Mimi nina miaka mingi mjini hapa, nimepakia na kupokea mizigo ya nusu ya madereva wa Dar es Salaam. Koneksheni zangu zilikuwa tele, nilizifungia ndani na neno nipo.

Tajiri mwenyewe ana miaka 34, duka amerithi kwa baba yake. Nilipofika akatoka nyuma ya kaunta. "Shikamoo mama." Nikamwambia, "Marahaba, bosi." Akacheka, akadhani utani. Nikamwambia, "Shikamoo yako nimeipokea, imetosha kwa siku. Ukinipa kazi, wewe ndiye unayenituma. Nikikosea uniambie usoni, usipitie kwa mtu. Sasa naomba unioneshe stoo." Sikumweleza historia yangu. Mikocheni nilisema saa nzima.

Tukaingia ndani. Simenti imepangwa ikiegemea ukuta wenye unyevu, mifuko iliyokuja mwisho iko mbele na ndiyo inayouzwa, ya zamani nyuma imeshaganda kama mawe. Hiyo ni hasara inayoonekana kwa macho, kila mtu huiona akishaoneshwa. Nikaomba daftari la nondo. Nondo za milimita 12 zinaingia kwa tani, zinatoka kwa kipande. Nikamuuliza kijana wa stoo, tani moja mnaandika vipande vingapi? Akasema 90. Kwa nini 90? "Ndivyo tulivyokuta." Nikaomba kikokotoo, hiki cha simu, siyo kile cha PSSSF. Nondo ya milimita 12 yenye uzito wake halali ina gramu 888 kwa mita. Ikiwa na mita 12, kipande kimoja ni kilo kumi na nukta sita hivi. Tani inatoa vipande 93, hata 94. Tajiri alisimama pale anatazama ile simu. Kila tani iliyoingia dukani kwake, nondo tatu au nne hazikuwa na mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe usiku kinaota miguu. Sikumtaja mtu. Nilisema tu kwamba kuanzia leo zihesabiwe zikishuka kwenye gari.

Hakuniuliza umri. Aliniuliza nitaanza lini.

Nisiwapambie. Mshahara ni kama theluthi mbili ya ule wa kiwandani. Nilibishana kwenye mambo matatu tu: mkataba uwe wa maandishi, NSSF ipelekwe kila mwezi na nioneshwe risiti, na stuli. Ndiyo, stuli. Magoti haya hayasimami saa kumi. Kuna kazi nyingine nilikuwa nimeambiwa ipo Bunju, yenye pesa nzuri zaidi kidogo, nikaiacha. Kutoka Tabata kwenda Buguruni ni daladala moja. Ukiwa na miaka 57 nauli na foleni vihesabu kama sehemu ya mshahara, na uti wa mgongo nao una kauli. Kompyuta nimefundishwa na msichana wa kaunta, ana miaka 23, ananiita bibi na mimi nimemzuia. Yeye ananifundisha Ekseli, mimi namfundisha kutomwamini dereva anayetabasamu.

Nyie wenye biashara hapa ndani, nawaona, Baba Juma na wewe dada wa saluni tatu. Mzee akija kuomba kazi msimpe maji na kiti mkamsindikiza. Mpeni daftari la hesabu asome.

Naona mweka hazina anaangalia saa. Namalizia na barua.

Mwezi wa tatu nilikosea. Mteja wa Chanika alilipia mabati 40 ya geji 28, mimi nikasoma geji 30, ambayo ni nyembamba zaidi. Miwani nilikuwa nimeisahau kwenye stuli. Mzigo ukaenda mpaka Chanika, fundi akaushika tu akajua ni mwepesi, ukarudi, mteja anapiga kelele mbele ya wateja wengine, fuso imelipwa mara mbili. Tajiri hakusema kitu siku ile. Kesho yake hakusema. Nikaanza kuogopa kwamba ananitafutia maji na mtu wa kunisindikiza getini. Siku ya tatu jioni akaniita ofisini, hakuweza hata kunitazama, akasukuma bahasha juu ya meza.

Nilisaini palepale, nikaomba nakala. Nikatoka nje nikampigia binti yangu, nikamsomea neno kwa neno nikiwa nimesimama kituoni Buguruni Sheli, daladala zinanipita.

Nimekuja nayo. Hii hapa, ipitisheni, msiipake mafuta ya pilau. Mtaona mstari wa kwanza ameandika kwa mkono, juu ya yale yaliyochapwa: "Shikamoo mama." Chini yake ndipo inapoanza, kwa herufi kubwa: "YAH: ONYO LA KWANZA KWA MAANDISHI."